Chanjo ya Uviko-19 ilijaribiwa kwa wanyama

Bado wapo wanaodai chanjo ya Uviko-19 haikujaribiwa kwa wanyama. Si kweli. Mwaka 2020, huko Montana, Marekani, kima wa aina ya rhesus walidungwa chanjo ya Chuo Kikuu cha Oxford, kisha wakaambukizwa virusi kwa makusudi, puani na kwenye njia ya hewa. Waliochanjwa hawakupata nimonia. Ila puani virusi vilikuwa vingi kama kwa wasiochanjwa, na hilo lilichapishwa wazi.

Mapafu yao yalichunguzwa kwa makini mno, na kwa haki: miaka ya 1960, nchini humo humo, chanjo ya majaribio ya RSV, virusi vinavyoshambulia njia ya hewa, ilizidisha ugonjwa kwa watoto wachanga, wawili wakafariki.

Katika kutengeneza chanjo ya Uviko-19, muda uliokolewa kwa sababu baadhi ya majaribio ya wanyama na ya watu yalikwenda sambamba.