Rais mpya, mikataba ya zamani: dhana potofu kuhusu uongozi na biashara katika michezo ya ridhaa

Chama cha michezo ya ridhaa kinapopata rais mpya, huwa kuna wanaoshangilia kwamba sasa fedha zitaingia, na kuna wanaolalamika kwamba chama kimeuzwa. Wote wawili wanaamini jambo lile lile: kwamba aliyekalia kiti ndiye anayeamua mchezo uende sokoni au ubaki wa kujitolea. Historia ya vyama vikubwa duniani haikubaliani nao, na ni vizuri wanachama waijue, kwa sababu anayemtazama rais peke yake haoni karatasi zilizokwisha kutiwa saini.

Dhana: Rais mpya hubadilisha mkondo wa fedha

Tuanze na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, IOC. Tarehe 20 Machi 2025, Kirsty Coventry wa Zimbabwe, bingwa wa zamani wa kuogelea, alichaguliwa kuwa rais wake. Ni Mwafrika wa kwanza na mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo, na furaha iliyoupokea uchaguzi ule ilistahili kabisa. Lakini wiki moja kabla ya kura, tarehe 13 Machi, IOC ilikuwa imetangaza kuurefusha mkataba wake wa haki za matangazo nchini Marekani na kampuni inayomiliki NBC. Nyongeza hiyo inafika mwaka 2036 na ina thamani ya dola bilioni 3. Mkataba uliokuwapo, uliosainiwa mwaka 2014 kwa dola bilioni 7.65, unafika 2032.

Sasa piga hesabu. Kanuni za IOC zinampa rais miaka 8, na akichaguliwa tena anaongezewa miaka 4, basi. Coventry alikabidhiwa ofisi Juni 2025. Muhula wake wa kwanza utakwisha 2033, na akiongezewa ataondoka 2037. Kwa hiyo mkataba mkubwa wa matangazo ulikwisha kufungwa kwa karibu muda wote anaoweza kuwa madarakani, kabla hajapata hata kura moja.

Sisemi rais hana kazi. Yeye ndiye anayepanga ajenda, anayependekeza majina ya kamati, anayeamua nani aitwe mezani mkataba unapokaribia kwisha. Hayo ni madaraka makubwa. Ila mkataba wa matangazo au wa udhamini hufungwa na taasisi. Mtu akiondoka, mkataba unabaki na tarehe zake, masharti yake na gharama za kuuvunja. Mwanachama anayetaka kujua chama chake kinaelekea wapi baada ya uchaguzi aulize mikataba ipi inakwisha lini, nani ana haki ya kwanza ya kuihuisha, na nani anaruhusiwa kusaini kwa niaba ya chama. Majibu ya maswali hayo yatamweleza mengi kuliko hotuba ya kuapishwa.

Dhana: Biashara iliingia siku kiongozi fulani alipoingia

Katika Olimpiki, lawama huwa zinamwangukia Juan Antonio Samaranch, aliyekuwa rais kuanzia 1980 hadi 2001. Ni kweli kwamba mpango wa wadhamini wakuu unaoitwa TOP ulianzishwa mwaka 1985 akiwa madarakani. Lakini tazama nyuma yake. Avery Brundage, aliyeongoza 1952 hadi 1972, alikuwa mtetezi mkali wa ridhaa kuliko karibu kiongozi mwingine yeyote. Mwaka 1972 huko Sapporo alihakikisha Karl Schranz wa Austria, nyota wa mbio za kuteleza kwenye theluji, anazuiwa kushiriki kwa sababu ya uhusiano wake na watengenezaji wa vifaa vya mchezo. Hata hivyo, ni katika kipindi cha Brundage huyo huyo ambapo CBS ya Marekani ilinunua haki za kuonyesha michezo ya Roma 1960, kwa kiasi cha dola 394,000. Na sharti la ridhaa lililegezwa kwenye Mkataba wa Olimpiki, yaani kanuni kuu za IOC, katika miaka ya 1970, chini ya Lord Killanin aliyemfuata Brundage, Samaranch akiwa bado hajawa rais.

Raga inaonyesha jambo hilo waziwazi zaidi. Tarehe 26 Agosti 1995, bodi ya kimataifa ya mchezo huo ilitangaza mjini Paris kwamba marufuku ya kumlipa mchezaji imekwisha. Wengi huikumbuka siku hiyo kama siku viongozi walipoamua. Lakini Juni mwaka huo huo, vyama vya Afrika Kusini, New Zealand na Australia vilikuwa vimeuza haki za televisheni za miaka 10 kwa zaidi ya dola milioni 500. Fedha ile isingeweza kuingia halafu wachezaji waendelee kucheza bure. Bodi iliandika kwenye kanuni jambo ambalo mkataba ulikuwa umekwisha kulifanya.

Dhana: Udhamini zaidi maana yake ni nembo kila mahali

Hapa mambo huenda kinyume na wengi wanavyodhani. Olimpiki ya Montreal ya 1976 ilikuwa na wadhamini na wagavi 628, na jiji lile lilibaki na deni ambalo lilichukua miaka 30 kulimaliza. Los Angeles 1984, chini ya Peter Ueberroth, mkuu wa kamati ya maandalizi, ilipunguza wadhamini wakuu hadi 34, kila aina ya bidhaa ikipewa kampuni moja tu, na ikamaliza ikiwa na ziada ya zaidi ya dola milioni 200. Kilichouzwa kilikuwa upekee. Kampuni hulipa zaidi ikijua mshindani wake hatakuwapo. Mpaka leo IOC hairuhusu mabango ya biashara kuzunguka uwanja wa mashindano wakati wa Olimpiki, na ni moja ya mashirika ya michezo yenye mapato makubwa duniani.

Chama kidogo kinachoiga mtindo huu kinapaswa kuwa macho na jambo moja. Wadhamini wachache wakubwa maana yake ni kuwategemea wachache. Mmoja akiondoka, mashindano ya vijana yanaweza kukosa hata nauli. Kwa maoni yangu, hatari hiyo ni kubwa kuliko wingi wa nembo kwenye jezi.

Dhana: Ridhaa maana yake hakuna fedha

Ridhaa ni kanuni inayomhusu mchezaji. Haisemi lolote kuhusu hazina ya chama.

Chama cha Riadha cha Waireland, GAA, kilichoanzishwa mjini Thurles mwaka 1884, ndicho mfano ninaoupenda. Wachezaji wake wa mpira wa Kigaeli na wa hurling, mchezo wa asili wa Ireland unaochezwa kwa fimbo na mpira, hawalipwi mshahara hata wanapocheza fainali mbele ya watu wapatao 82,000 katika uwanja wa Croke Park. Jumatatu mwalimu anarudi darasani na fundi anarudi kazini. Lakini chama chenyewe kina mkurugenzi mkuu anayelipwa, kina wafanyakazi wa kudumu, kinauza haki za matangazo na kina wadhamini. Mwaka 2014 kiliuza sehemu ya mechi zake kwa Sky, televisheni ya kulipia. Wanachama wengi walinung'unika kwamba wazee waliojenga viwanja vya vijijini kwa mikono yao sasa watalipia kuwaona wajukuu wao wakicheza. Ushirikiano huo ulikoma baada ya msimu wa 2022.

Chama cha michezo ya vyuo vikuu cha Marekani, NCAA, nacho kilijiita cha ridhaa kwa miongo mingi, huku haki za mashindano yake ya mpira wa kikapu zikiuzwa kwa mabilioni ya dola na makocha wa vyuo wakilipwa mamilioni. Vyama hivi viwili vilitumia neno moja kueleza mambo mawili tofauti kabisa. Nikitaka kujua kama ridhaa ya chama ni ya kweli, naangalia nani mwingine analipwa, na kiasi gani, wakati mchezaji halipwi.

Na tusiipake sukari ridhaa ya zamani. Jim Thorpe, Mmarekani wa asili, alishinda dhahabu mbili Stockholm 1912, akanyang'anywa mwaka uliofuata kwa sababu aliwahi kulipwa vijisenti kucheza besiboli. IOC ilimrudishia hadhi ya mshindi pekee mwaka 2022, karibu miaka 70 baada ya kifo chake. Kanuni ile ilimfaa mwenye mali, ambaye aliweza kufanya mazoezi bila kuwaza chakula cha kesho.

Dhana: Makao makuu huamua, wanachama hupiga makofi

Turudi Ireland. GAA ilikuwa na kanuni iliyojulikana kama Kanuni ya 42, iliyokataza viwanja vya chama kutumiwa kwa michezo kama soka na raga, michezo ambayo wengi waliihusisha na utawala wa Uingereza. Kwa wanachama wengi, kanuni hiyo ilibeba kumbukumbu za ukoloni na za damu iliyomwagika Croke Park mwaka 1920, askari wa Uingereza walipofyatua risasi wakati wa mechi na kuua watu 14. Wakati huo huo chama kilikuwa kimeujenga upya uwanja huo kwa gharama kubwa, na vyama vya raga na soka vilikuwa tayari kulipa kodi nzuri kuutumia. Kwa mtazamo wa biashara tu, jibu lilikuwa wazi.

Lakini kubadilisha kanuni kulihitaji theluthi mbili ya kura za mkutano mkuu, ambao wajumbe wake wanatoka mikoani na klabu zikiwa nyuma yao. Mwaka 2001 hoja ya kuulegeza mwiko huo ilishindwa kwa kukosa kura moja. Kura moja! Hakuna rais wala mkurugenzi aliyeweza kuitafuta mahali pengine. Ikabidi mjadala urudi kwenye klabu, watu wabishane kwenye vikao vya mikoa, wengine wakitoa machozi. Aprili 2005, Seán Kelly akiwa rais, hoja ililetwa tena ikapita kwa kura 227 dhidi ya 97, kwa sharti kwamba ruhusa iwe ya muda wakati uwanja wa Lansdowne Road ukijengwa upya. Februari 2007 Ireland na Ufaransa zikacheza raga Croke Park, na wiki mbili baadaye Uingereza nayo ikaingia uwanjani hapo, wimbo wake wa taifa ukapigwa na watu wakausikiliza kwa heshima.

Kelly alisukuma kwa nguvu, na anastahili sifa. Lakini rais wa GAA hukaa miaka 3 tu, na asingeweza kulifanya hilo kwa amri. Katiba inayodai theluthi mbili, pamoja na wajumbe wanaorudi kwa klabu zao kujieleza, ndiyo iliyoamua fedha ziingie lini na kwa masharti gani. Chama ambacho katiba yake inaruhusu kamati tendaji kuuza mali au haki bila kuuliza mkutano mkuu kitauza, awe rais nani. Huo ndio mstari ambao mwanachama anapaswa kuutafuta kwenye katiba ya chama chake kabla ya kutafuta jina la mgombea.

Dhana: Akija kiongozi anayewapenda wachezaji, wachezaji watalipwa

NCAA ilimpata Charlie Baker, gavana wa zamani wa Massachusetts, Machi 2023, na vyuo vikaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja kuanzia msimu wa 2025–26. Ni rahisi kudhani ni matunda ya uongozi mpya. Mtiririko wa matukio unasema mahakama. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja, majaji wote 9, dhidi ya NCAA katika kesi ya Alston, iliyopinga mipaka ya chama hicho kwa marupurupu ya masomo ya wanamichezo. Juni 2025 jaji akaidhinisha makubaliano ya fidia ya dola bilioni 2.8 katika kesi nyingine iliyofunguliwa na wanamichezo, makubaliano ambayo pia yaliruhusu kila chuo kugawa hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Baker alijadiliana na kusaini. Waliosukuma ni wanamichezo na mawakili wao.

Dhana: Kiongozi mbaya akiondoka, ubaya umeondoka naye

Kashfa ya Salt Lake City, ya wajumbe kupewa zawadi ili jiji hilo lipate kuandaa Olimpiki, ilipofichuka mwishoni mwa 1998, wajumbe 10 wa IOC waliondoka, wengine kwa kufukuzwa na wengine kwa kujiuzulu. Samaranch alibaki. Mageuzi ya 1999, yakiwemo yale ya ukomo wa miaka ya rais yanayomhusu Coventry leo, yalipitishwa yeye akiwa bado kitini.

Shirikisho la riadha duniani, lililoitwa IAAF wakati huo, liliona kinyume chake. Primo Nebiolo, aliyeliongoza tangu 1981, alifariki mwaka 1999 na nafasi yake ikachukuliwa na Lamine Diack wa Senegal. Mwaka 2001 shirikisho liliondoa hata neno la ridhaa kwenye jina lake rasmi. Sura mpya, jina jipya, fedha zaidi, na mamlaka yale yale makubwa mikononi mwa mtu mmoja. Mwaka 2020 mahakama ya Paris ilimtia Diack hatiani kwa rushwa iliyohusu kuficha matokeo ya wanariadha wa Urusi waliotumia dawa zilizokatazwa. Sebastian Coe, aliyemrithi mwaka 2015, alikuwa makamu wake kwa miaka kadhaa. Kilichobadilika ni katiba iliyopigiwa kura Desemba 2016. Ilipunguza madaraka ya rais, ikaweka ukomo wa mihula, na kazi ya kuchunguza makosa ikapewa kitengo huru kilichoanza 2017. Kwa katiba hiyo, Coe mwenyewe atalazimika kuondoka mwaka 2027.