Fedha za habari zinapita mkononi mwa nani?

Katika kazi yangu ya kuchunguza hesabu za vyombo vya habari, naulizwa mara kwa mara kipi ni bora, chombo kinachojiendesha kibiashara au kile kinachogharimiwa na umma. Mimi hutazama kwanza ni nani mwenye uwezo wa kuzizuia fedha hizo, na kama ipo sheria inayomkataza kufanya hivyo siku habari zitakapomchukiza.

Januari 2016, Waziri wa Habari wa Tanzania, Nape Nnauye, alilieleza Bunge kwamba TBC, shirika la utangazaji la umma, ingeacha kurusha vikao vyake moja kwa moja, kwa kuwa gharama ilifikia shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka, na kwamba badala yake wananchi wangeoneshwa usiku kipindi kilichorekodiwa. Sipuuzi hoja ya gharama, maana kamera, mafundi na mitambo ya kurushia matangazo kutoka Dodoma hula fedha nyingi. Hata hivyo, shirika linalosubiri bajeti yake kutoka serikalini halikuwa na pa kusimama likasema kwamba waliolipia kamera hizo kwa kodi yao ndio wenye haki ya kuwaona wabunge wao wakijadiliana.

Vyombo vya biashara vinastahili sifa yao. KTN, kituo cha televisheni cha kibiashara, ilipoanza nchini Kenya mwaka 1990, watazamaji waliozoea taarifa ya habari ya KBC, shirika la utangazaji la serikali, iliyofunguliwa jioni baada ya jioni kwa shughuli za Rais Moi walipata kwa mara ya kwanza kituo kingine cha kugeukia. ITV, kituo binafsi kilichoanza Dar es Salaam mwaka 1994, ilitangulia hata televisheni ya serikali Tanzania Bara, na sidhani kama mashirika ya serikali yangebadilika hata kidogo bila ushindani huo.

Udhaifu wa biashara uko kwingine. Mtangaza bidhaa hulipia macho ya wanunuzi, na wanunuzi wengi wako mijini. Mwandishi anayekaa wiki nzima Lodwar, mji wa mbali kaskazini mwa Kenya, akifuatilia kesi ya ardhi haleti tangazo hata moja la sabuni. Jambo linalosahaulika zaidi ni kwamba katika soko dogo la matangazo kama letu, serikali yenyewe ni mmoja wa wateja wakubwa wa vyombo binafsi. Machi 2024, wizara na mashirika ya umma ya Kenya yaliagizwa kupeleka matangazo yao ya redio na televisheni kwa KBC peke yake, na kwa agizo hilo moja vituo binafsi vikajikuta vinatishiwa mapato. Ongeza malimbikizo ya madeni ya matangazo ya serikali, ambayo wamiliki wamekuwa wakiyalalamikia kwa miaka mingi, utaona kwamba mhariri wa kituo binafsi naye anaweza kuogopa simu kutoka wizarani.

Ninaupenda zaidi utaratibu wa Ujerumani, ingawa si mkamilifu. Kila kaya hulipa ada ya utangazaji, euro 18.36 kwa mwezi tangu 2021, fedha ambazo haziingii kwenye hazina ya serikali, na tume ya wataalamu ndiyo inayopima mahitaji ya mashirika na kupendekeza kiwango. Jimbo la Sachsen-Anhalt lilipokwamisha nyongeza ya ada mwishoni mwa 2020, Mahakama ya Katiba iliamua mwaka uliofuata kwamba kufanya hivyo kulivunja uhuru wa utangazaji. Majimbo yalisita tena pale tume ilipopendekeza euro 18.94 kuanzia Januari 2025, na mashirika yakarudi mahakamani. Mvutano huo haunisumbui: unafanyika hadharani, mbele ya majaji, na kila upande unalazimika kutoa sababu zake.

Je, ada ya kaya ingewezekana kwetu? Kwa mapato ya wengi, nina shaka, na ningependelea asilimia ya tozo ya mawasiliano iliyotengwa kwa sheria kwa miaka mitano mfululizo, pamoja na kanuni iliyochapishwa ya kugawa matangazo ya serikali kwa vyombo vyote. Lakini Mkurugenzi Mkuu wa TBC huteuliwa na Rais, na maadamu uteuzi huo haujahamishiwa kwa bodi inayohojiwa hadharani na Bunge, nisingemwomba mlipakodi achangie hata shilingi moja zaidi.