“Kuaminika kwa maelezo” kwa anayeomba hifadhi kwa sababu ya dini

Ngamiani, Tanga, wapo kina mama wanaouza mbaazi za nazi na maandazi tangu asubuhi mapema. Mchukue mmoja wao. Alfajiri ameshasali, Ramadhani hufunga, na maulidi ya mtaani sufuria kubwa hutoka kwake. Sasa mkalishe umuulize: madhehebu ya Shafi na Hanafi yanatofautiana wapi? “Mwanangu, mimi nasali alivyonifundisha bibi yangu.” Basi huyu si Mwislamu?

Maofisa wanaopima maombi ya hifadhi hukutana na swali hilohilo. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unataja dini kati ya sababu tano za kuteswa zinazomfanya mtu awe mkimbizi. Lakini anayekimbia usiku habebi cheti cha ubatizo wala barua ya imamu, na aliyemtishia hakumpa risiti. Mara nyingi ushahidi ni mdomo wake mwenyewe. Kuaminika kwa maelezo ndiko huku: je, anachosimulia kinaweza kukubaliwa na kutegemewa katika kuamua ombi lake?

Usichanganye kuaminika huku na uaminifu. Uaminifu ni tabia ya mtu. Hapa yanapimwa maelezo. Mtu anaweza kuwa alidanganya kuhusu njia aliyopita, kwa woga au kwa kufundishwa na aliyemsafirisha, na habari ya kanisa lao kuchomwa ikawa kweli tupu. Ofisa huangalia kama masimulizi yanashikana, kama yana undani, na kama yanaendana na yanayojulikana kuhusu nchi ile. Yakibaki mapengo ilhali mengine yamesimama, mwombaji hupewa faida ya shaka, yaani shaka iliyobaki haigeuzwi kuwa hoja dhidi yake.

Kosa kubwa, kwa maoni yangu, ni kuyafanya mahojiano mtihani wa madrasa. Wataje mitume kumi na wawili. Kwaresima ni siku ngapi? Aliyekariri jana anafaulu, mama yetu wa mbaazi anafeli. Mwongozo wa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, wa 2004 kuhusu madai ya dini unakubali kwamba maarifa hutofautiana kwa elimu, umri, jinsia na mazingira, na unapendelea mtu aachwe asimulie: aliingiaje katika imani hiyo, anaiishije, anaogopa nini akirudi.

Kuna wakati hata imani si hoja. Watesaji wakikuona wa dini fulani, hatari ni ileile hata kama husali kabisa. Wala haitoshi kumwambia mtu arudi akasali kwa kujificha: mwaka 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililikataa wazo hilo katika kesi ya Waahmadiya (wafuasi wa jumuiya ya Ahmadiyya) wawili kutoka Pakistan walioomba hifadhi Ujerumani.

Halafu kuna ukalimani, jambo ambalo watu hulidharau. Mtu wa huku akisema “nimeokoka”, hata muuza samaki wa soko la Deep Sea, Tanga, anaelewa kwamba ameingia ulokole. Mkalimani asiyezoea lugha ya makanisani akitafsiri kuwa aliokolewa, ofisa atauliza: uliokolewa na nani, kutoka wapi? Mwombaji atashangaa, ataanza kueleza upya habari za maombi na ubatizo, na kwenye faili itaandikwa kwamba amebadilisha maelezo.