Muwasho wa ngozi na mwanasaikolojia: tunayoambiana na yalivyo

"Ukipelekwa kwa mwanasaikolojia, daktari anaona unajifanya." Hili ndilo linaloniuma zaidi. Nina pumu ya ngozi (ekzema) tangu utotoni, na siku nilipoelekezwa huko, nyumbani Mbagala waliniuliza kama sasa ni safari ya Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Hapana. Muwasho ni wa kweli. Unaanzia kwenye ngozi, mishipa ya fahamu inaufikisha kwenye ubongo, na ubongo wenye hofu au uliokosa usingizi unauhisi kwa ukali zaidi. Ndiyo maana usiku, shughuli zikitulia na chumba kikiwa na joto, unakesha.

"Jikaze, acha kujikuna!" Nani mwenye ngozi hii hajaambiwa hivyo? Lakini mkono huenda wenyewe. Ukijikuna unachubuka, ngozi iliyochubuka inavimba na kuwasha zaidi, mkono unarudi palepale. Mazoea hayo ndiyo yanayotibiwa, kwa mbinu ambayo Azrin na Nunn wa Marekani waliieleza mwaka 1973 kwa watu wenye tabia kama kung'ata kucha. Baadaye ikatumika kwa wenye ngozi kama yangu. Kwanza unahesabu. Mimi nilipewa daftari dogo nichore kistari kila nikijikuna. Ukurasa ulijaa kabla ya adhuhuri, na nusu ya mara hizo nisingezikumbuka kabisa. Kisha mkono ukianza kupanda, unakunja ngumi na kuhesabu hadi 30. Bado inawasha? Bonyeza mahali hapo kwa kiganja, usikwaruze. Kwenye daladala nashika bomba kwa nguvu, hakuna anayejua.

Kukemewa hakusaidii, kunaongeza aibu tu, na aibu nayo inawasha. Siku hizi mama akiona mkono unapanda, hasemi kitu. Ananisogezea kopo la mafuta.

"Ukianza ushauri, achana na dawa." Hatari hii! Krimu ya daktari na mafuta ya kulainisha ngozi vinaendelea. Vyote vinakwenda pamoja. Usibadilishe kwa krimu isiyojulikana ya mtaani, nyingine zina steroidi kali, dawa inayoweza kudhuru ngozi ikitumiwa ovyo.

Na vipimo vitangulie. Kuwashwa bila vipele kunaweza kutokana na ini, figo au tezi ya shingo. Mkijikuna nyumba nzima, hasa usiku na katikati ya vidole, huenda ni upele wa kuambukizana: pakeni dawa wote siku moja, fueni mashuka na nguo kwa maji ya moto.