Damu haikatiki, na anatumia aspirini ya moyo

Baba yetu wa Ngamiani, Tanga, aliwekewa stenti ya moyo (kimrija cha wavu kinachoacha wazi mshipa wa moyo) Dar es Salaam. Anatumia aspirini na klopidogreli. Jana alijikata akipaa samaki, damu ikatoka karibu robo saa. Tumwachishe dawa?

Msimwachishe. Dawa hizo huzuia chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba kidonda, zisinatane, ndiyo maana kidonda kinachelewa kuziba. Akiacha ghafla, hasa miezi ya mwanzo, stenti inaweza kuziba, na hapo moyo ndio utakaoumia.

Kandamizeni kidonda kwa kitambaa safi dakika 10 hadi 15 bila kuchungulia. Kwenye kuchungulia ndipo wengi tunapoharibu: kila ukiinua kitambaa unabandua donge lililoanza kushika. Majani ya chai na mafuta ya taa yaacheni jikoni. Damu ikiendelea, hospitali, huku mkono umekandamizwa.

Hakuna sindano ya kuiondoa dawa mwilini?

Kwa hizi mbili, hakuna. Chembe sahani iliyoguswa na aspirini haizinduki tena mpaka ife, nayo huishi siku 7 hadi 10. Kwa hiyo daktari hutafuta panapovuja apazibe, kama ni tumboni kwa mpira wenye kamera, huku mgonjwa akiongezewa maji na damu. Kuongezewa chembe sahani si kwa kila mtu: utafiti uliotoka 2016 ulionyesha kuwa waliovuja damu kwenye ubongo, wakaongezewa, hali zao zilikuwa mbaya zaidi.

Kama inavuja ndani, tutajuaje?

Choo huwa cheusi kama lami, kinanata, kinanuka vibaya. (Vidonge vya madini chuma navyo hukifanya cheusi, lakini msikisie.) Au anatapika kitu kama mashapo ya chini ya kikombe cha kahawa ya barazani. Akitoka jasho la baridi na kizunguzungu, msingoje kuche, mpelekeni hospitali ya Bombo. Akianguka na bodaboda akagonga kichwa, vivyo hivyo, hata kama anacheka.

Bebeni paketi za dawa zote. "Kile kidonge chake cheupe" hakimsaidii daktari.

Goti likimuuma, huwa ananunua diklofenaki.

Hapo ndipo ninapoogopa kuliko kisu cha samaki. Diklofenaki juu ya aspirini huchubua tumbo, na mwenye duka hajui habari ya stenti asipoambiwa. Apewe parasetamoli, na goti alionyeshe kliniki.