Gemu ya muziki: saa yako ni wimbo wenyewe

Ukitaka kuishi kwa kutengeneza gemu za muziki peke yako, anza kwa kuumudu muda. Picha duni mchezaji atazivumilia. Akigonga sawasawa na ngoma halafu gemu imwambie amekosa, anaifuta.

Kosa ninaloliona sana ni kuhesabu muda kwa fremu, yaani picha ambazo skrini huchora moja baada ya nyingine. Simu ikikwama kidogo tu, hesabu inabaki nyuma na wimbo unaendelea zake. Soma muda kutoka kwenye sauti: ukitumia Unity, programu ya kutengenezea gemu, saa ya sauti ni dspTime, na wimbo uuanzishe kwa amri ya PlayScheduled. Ila dspTime nayo husogea kwa hatua za bafa, yaani fungu la sampuli (vipande vidogo vya sauti) linalochezwa kwa mkupuo. Bafa ya sampuli 1,024, kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, ni milisekunde 21, kwa hiyo noti, yaani alama za kugonga, zitarukaruka kwenye skrini usipoziba pengo hilo kwa saa ya kawaida.

Faili za MP3 ziepuke. Huingiza ukimya mfupi mwanzoni. Tumia OGG au WAV. Hedifoni za Bluetooth nazo huchelewesha sauti, mara nyingi zaidi ya milisekunde 100, kwa hiyo weka ukurasa wa kupimia ucheleweshaji huo: mchezaji agonge mara 16 akifuata mlio, tupa nne za kwanza, halafu zipange zilizobaki kwa kadiri zilivyochelewa na uchukue ya katikati. Wastani haufai, gonga moja la ovyo huuvuta.

Singeli ndiyo mtihani wenyewe. Kwenye mapigo 240 kwa dakika, robo ya pigo ni milisekunde 62.5. Ukimruhusu mchezaji akosee milisekunde 45 kila upande, nafasi ya noti moja inakuwa 90 na inaingia kwenye noti jirani, gonga moja likagombewa na noti mbili. Bana hadi 30 kila upande, au, ninavyopendelea mimi, weka noti kwenye pigo zima na nusu pigo tu.

Kuhusu haki: wimbo una mbili, ya utunzi na ya rekodi. Prodyuza kukupa biti hakumfungi mwimbaji. Mkataba utaje gemu, nchi zote, na video ambazo wachezaji watarusha YouTube. Thumper, gemu ya muziki ya 2016, ilitengenezwa na watu wawili, mmoja wao mwanamuziki. Ukipata mwenza wa namna hiyo, mshike.

Steam, duka la gemu za kompyuta mtandaoni, hutoza dola 100 kwa kila gemu, na mnunuzi anaweza kurudishiwa pesa ndani ya siku 14 kama hajacheza saa mbili. Nyimbo nane za dakika tatu ni dakika 24: mchezaji anaweza kuzimaliza zote na bado akadai pesa zake. Kila wimbo basi uupangie ngazi tatu au nne za ugumu kabla hujafungua ukurasa wa mauzo.