Sindano za Misuli na Moyo

Kwenye jimu za Nairobi, vijana wengi huamini kwamba steroidi za sindano (homoni za kiume za kukuza misuli) hazina madhara kama vidonge, kwa kuwa hazilemei ini. Ni kweli, vidonge vingi huliumiza ini zaidi. Lakini dawa ikishaingia kwenye damu, hupunguza kolesteroli nzuri, hupandisha presha na kuunenepesha msuli wa moyo. Ubongo nao, ukiona homoni imejaa, huacha kuziamuru korodani. Korodani husinyaa, mbegu hupungua, na kurudi hali ya kawaida huweza kuchukua miezi mingi. Hili linanisumbua sana, maana mwenye misuli hujiona mzima kabisa.

Presha hupimwa kwa dakika chache kwenye kemisti ya mtaani. Mafuta ya damu, yaani kolesteroli, hupimwa maabara. Chupa yenyewe igeuze usome jina la dawa, namba ya bechi na tarehe ya kuisha.